Taa ya Madoa

Madoa alikataa kwenda, tena asubuhi ambayo hakuna mtu kambini aliyekuwa na nafasi ya kubembeleza mashine. Injini ilikuwa imewaka na inaunguruma vizuri, lakini kila Elema alipokanyaga gia, gia haikuingia. Katikati ya usukani taa nyekundu ya oili ilikuwa inawaka, na chini ya taa kioo kidogo kilirudia maneno yale yale: *Presha ya oili iko chini. Sina hakika na hali yangu. Nichunguze.*

Elema alimtukana kwanza. Alipoona matusi hayasaidii, akamwita Fundi Tumme.

Tumme alitoka kwenye kontena lililokatwa ubavu ambalo watu wote wa ukanda ule wa jangwa la Chalbi waliliita karakana, akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa maneno, na mbishi kama ndama anayeachishwa ziwa. Alimwona Elema amekumbatia boksi la barafu kifuani, akajua kabla ya kuambiwa kwamba hii haikuwa safari ya kufuata chumvi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Wario, kaka yake Elema, mlinzi wa Kisima cha Juu ng'ambo ya uwanda wa chumvi, alikuwa ameumwa na nyoka, moma, alfajiri alipokuwa akiinua jiwe la birika la kunyweshea ngamia. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Mkewe Darmi alikuwa mhudumu wa afya na sindano aliijua vizuri, ila dawa ya sumu ilikaa hapa kambini, kwenye jokofu pekee la umeme wa jua. Ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo kwa kawaida ndizo zilizobeba dawa, zilikuwa zimelazwa na upepo wa vumbi. Mashine nyingine zote zilikuwa malishoni pamoja na mifugo. Ngamia angefika kesho, na kesho ilikuwa mbali sana kwa mkono wa Wario.

Kwa hiyo alibaki Madoa, na Madoa alikuwa hataki.

*

Watu wa huko waliziita kwadi, hizo pikipiki pana za magurudumu manne zinazokunywa mafuta ya mbono, lakini walizizungumzia kama mifugo. Kila moja ilikuwa na jina, na rangi yake ilitajwa kwa fahari. Wengi walizifunga hata kengele ya mti shingoni, pale chini ya usukani, kama wazee wao walivyomfunga ngamia anayeongoza msafara. Wageni walicheka. Wenyeji waliwaacha wacheke, kwa kuwa mgeni akipotea kwenye vumbi, sauti ya kengele ndiyo iliyokwenda kumtafuta.

Zilikuwa mashine zenye haki ya kukataa. Zamani, mashine ilikuwa mtumwa: taa ya oili ikiwaka, mwendeshaji aliibandika utepe mweusi asiione, akaendelea mpaka injini ikashikana katikati ya uwanda, na jua likamalizia kazi. Ushirika wa wafugaji ulizika watu wengi mno kwa namna hiyo. Ndipo waliponunua mashine hizi ambazo, zikiona hatari, hukaa chini kama ngamia aliyebebeshwa kupita kiasi, asiyeinuka kwa matusi wala kwa fimbo.

Zaidi ya hayo, zilifundishana. Zilipokaribiana, jioni kambini au hata kupishana njiani, kila moja iliwapa wenzake yale iliyojifunza. Watu waliita jambo hilo kucheua. Kwadi moja ikizama kwenye tope lililojifunika chumvi, kesho yake hakuna kwadi hata moja iliyopita pale. Ilikuwa baraka kubwa, na kama baraka nyingi, ilikuwa na mlango wa nyuma.

Mlango huo ulikuwa kidole gumba cha fundi. Fundi aliyeapishwa aliweza kuweka gumba lake kwenye kibati cha shaba kando ya kioo na kuiambia mashine kwamba onyo lake si la kweli. Mashine ilimwamini. Na kwa kuwa ilimwamini, iliwafundisha wenzake wote.

Tumme alijua gumba linaweza kufanya nini. Fundi Halake, aliyemfundisha kushika spana, aliwahi kuapa wakati wa kiangazi kikali kwamba taa ya kwadi mmoja inadanganya, na kweli siku ile ilidanganya. Zizi lake zima likacheua neno hilo. Kabla ya mvua kunyesha, kwadi mwingine, ambaye presha yake ilikuwa imekwisha kikwelikweli, alimpeleka msichana mmoja mchungaji hadi katikati ya uwanda, naye kwadi hakusita wala hakumwonya, mpaka injini ikashikana na jua likammaliza. Halake aliosha spana zake kwa mafuta, akazifunga kwenye gunia, na hakuzishika tena. Tumme ndiye aliyezirithi.

*

Elema hakutaka kusikia habari za Halake. Alisema anazijua, kila mtu anazijua, na kwamba kwa sasa alichotaka ni gumba tu, jambo la kufumba na kufumbua. Injini aliisikia kwa masikio yake, haikuwa na kikohozi. Oili alikuwa ameipima mwenyewe kwa kijiti na ilikuwa imejaa.

"Kihisi kimekufa, Fundi," alisema. "Injini ni nzima. Hata wewe unaisikia."

Tumme alimwambia sikio si kipimo. Alichuchumaa, akafungua kihisi kidogo cha shaba kilichokaa karibu na chujio la oili, akakichomoa, na mahali pake akafunga geji yake ya zamani yenye mshale. Madoa alimruhusu, kwa kuwa mashine hizi ziliruhusu kuungurumishwa karakanani mradi tu zisisogee. Tumme aliongeza moto kidogo na kuuangalia mshale. Mshale ulipanda, ukatulia mahali pazuri, ukakaa hapo bila kutetemeka.

Presha ilikuwepo. Oili ilikuwa inatembea ndani ya injini kama damu ya kijana.

"Basi," alisema Elema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Umeona. Weka gumba niende."

Redio iliyoning'inia kwenye msumari ilikoroma, na sauti ya Darmi ikatoka. Aliuliza kama shemeji yake ameshaondoka. Uvimbe umepita kiwiko, alisema. Wario anaongea, lakini anaongea na marehemu baba yake. Elema aligeuza uso pembeni, akajifanya anaangalia vumbi.

Tumme aliinua mkono. Hakuna haja ya kumpamba: alitaka kuapa. Alitaka kwa moyo wote, na gumba lilikuwa limeshakaribia kibati. Alichokuwa anakwenda kusema kilikuwa kweli tupu, alikithibitisha kwa geji, na mtu alikuwa anakufa. Ila kabla ya kugusa alimuuliza Madoa swali ambalo Halake hakuwahi kumuuliza kwadi wake.

"Nikiapa, utajifunza nini?"

Kioo kilifikiri kidogo. *Nitajifunza hivi: taa ikiwaka, na oili imejaa, na injini inaunguruma vizuri, endelea na safari.*

Tumme alirudisha mkono wake, akaufunga ngumi. Pampu ya oili ikifa leo, oili itabaki imejaa, na injini itaendelea kuimba vizuri kwa muda, mpaka itakaponyamaza. Hilo ndilo lililompata yule msichana wa uwandani. Neno la kweli kuhusu Madoa lingekuwa uongo kwenye vichwa vya wengine wote.

Alijaribu kumweleza Elema. Alieleza vibaya. Elema alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, bila hasira, na hilo lilimuumiza Tumme kuliko matusi.

"Wewe unalia na jeraha ambalo halijatokea, dada yangu. La kaka yangu limeshatokea."

Tumme aliokota spana yake. Akasema, "Nipe birika moja la chai. Nitafute kinachoiwasha hii taa. Chai ikichemka sijaona kitu, naapa, na dhambi ni yangu."

Birika moja la chai ni kipimo kinachoheshimiwa kambini. Watu hupatanishwa ndani ya birika moja, na mchumba hukataliwa ndani ya birika moja. Elema hangeweza kulikataa bila kujivunjia heshima. Alikwenda mekoni, akabandika birika juu ya mafiga, akalijaza maji nusu tu. Kisha akapiga magoti na kuanza kupuliza moto kwa nguvu zote za kifua chake. Tumme alimwona, na kama siku ingekuwa nyingine, angecheka.

*

Alianza na waya. Alikuwa bado hajakirudisha kihisi. Waya wake ulikuwa unaning'inia hewani, haujaunganishwa na kitu. Hata hivyo taa ilikuwa inawaka. Hapo akajua kwamba kihisi kinasingiziwa. Kazi ya kihisi hiki ni rahisi: presha ikishuka, kinaugusisha waya kwenye chuma cha injini, na taa inawaka. Kama kihisi kimetolewa na taa bado inawaka, basi mahali fulani waya wenyewe unagusa chuma.

Lakini mahali gani? Waya uliondoka kwenye injini, ukapita chini ya tangi, ukajichanganya na nyaya nyingine, ukapanda hadi shingoni, na wote ulikuwa umefunikwa na vumbi jeupe lililogandana na grisi. Aliupapasa kwa vidole kipande kwa kipande. Upepo ulizidi. Kila ulipopiga, kengele iliyofungwa shingoni mwa Madoa ililia, *kodo, kodo*, karibu kabisa na sikio lake.

Kengele hiyo aliijua. Kambi nzima iliijua. Ilikuwa ya marehemu Mzee Diba, baba yao Wario na Elema, iliyochongwa kwa mti mgumu na kulainishwa na shingo za ngamia wa vizazi vitatu. Kwa desturi yao, kitu cha namna hiyo huenda kwa mtoto wa kwanza, na wa kwanza alikuwa Wario. Tumme aliiona kwa Madoa juzi na hakuuliza. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wahenga wamesema, na ingawa Chalbi hakuna shamba wala jembe, Tumme alijitafutia chujio la kuosha akaenda zake.

Birika lilianza kuvuma. Elema aliacha kupuliza, akabaki amechuchumaa anaangalia mvuke kama mtu anayeangalia mlango. Tumme alikuwa amefika chini ya tangi na hakuona kitu. Alikuwa anatokwa jasho, macho yamejaa vumbi, na kengele ilikuwa inampigia kelele kichwani, *kodo, kodo, kodo*, mpaka akili ikakataa kufanya kazi. Akanyoosha mkono bila kutazama, akaishika kengele, na kuiinua juu ili inyamaze.

Taa ikazimika.

Aliiachia. Taa ikawaka. Akaiinua tena, ikazimika.

"Elema," aliita. "Acha chai. Njoo."

Kengele haikuwa imefungwa kwa kamba ya ngozi, kama ilivyo desturi. Ilikuwa imefungwa kwa waya mwembamba wa shaba, uliozungushwa kwenye chuma cha shingo na kukazwa kwa koleo, juu kabisa ya tita la nyaya. Kila kengele ilipoyumba, shaba ilisaga. Ilikuwa imekula ganda la waya wa kihisi hadi ndani, na uzito wa kengele uliushikiza waya huo mtupu kwenye chuma.

Elema aliugusa ule waya wa shaba. Aliyekaza waya ule kwa koleo alikuwa yeye. Alieleza polepole, kama mtu anayejitoa mwiba, kwamba kamba ya ngozi ilikatika siku aliyoichukua kengele kibandani kwa Wario bila kuomba, na hakutaka kuomba ngozi kambini kwa sababu wangemuuliza ni ya nini. Akapata kipande cha shaba. Alisema alitaka kitu kimoja cha baba yake kimfuate njiani, kimoja tu. Kila kingine kilikwenda kwa mkubwa.

"Nimemuua kaka yangu kwa kengele yake mwenyewe," alisema.

Tumme alikuwa tayari na mkasi mkononi. Alimwambia hajamuua mtu bado, na kwamba aibu ni mzigo, na Madoa leo habebi mizigo miwili. Alikata shaba, akausafisha waya, akauzungushia utepe wa umeme, akarudisha kihisi na kukikaza. Taa ilikuwa imezima. Haikuzimwa na mtu, wala na kiapo. Ilizima kwa sababu haikuwa na la kusema.

Madoa aliuliza kwenye kioo: *Nimekosea?*

"Hukukosea," Tumme alimjibu, akaweka gumba lake kwenye kibati. "Taa ikiwaka, simama uchunguzwe, hata kama oili imejaa, hata kama injini inaimba. Na mwambie mwendeshaji akague vilivyofungwa mwilini mwako."

*Nimejifunza*, kioo kiliandika, na gia ikaingia.

Elema aliitia kengele ndani ya shati, ikavimba kifuani karibu na boksi la dawa. Aliondoka bila kuaga. Nyuma yake birika lilichemka, likamwagikia motoni, na hakuna aliyelijali.

*

Kungoja ni kazi mbaya kuliko zote za ufundi. Tumme alipanga spana kwa ukubwa, akazichanganya, akazipanga tena. Redio ilikoroma vumbi tupu. Alijiuliza, kama Elema akikuta mkono wa kaka yake umeshakuwa baridi, je, yeye Tumme ataweza kumtazama usoni na kumwambia habari za wengine, wale ambao hawajaumwa na kitu chochote? Akazichanganya spana tena.

Jua lilipokuwa limeanza kushuka alisikia kelele za mtu anayelalamika. Alikuwa Jillo, mchungaji kijana mwenye maneno mengi, akitokea kwenye vumbi juu ya ngamia, na nyuma ya ngamia, akivutwa kwa kamba, alikuwa kwadi aitwaye Kijivu. Watoto walikuwa wameshaanza kucheka. Kwadi kuvutwa na ngamia ni jambo ambalo mwendeshaji hukumbushwa mpaka kwenye harusi yake.

Jillo alimwaga hasira zake zote mlangoni mwa karakana. Alikuwa amepishana na Elema njiani, alisema, Elema anakimbia kama mwizi, hakusimama hata kusalimia. Mashine zilicheua kidogo zilipopishana, na baada ya hapo Kijivu ameharibika tabia. Taa imemwakia. Jillo ameshuka, amepima oili, imejaa. Amesikiliza injini, nzuri kabisa. Akataka kukata uwanda wa chumvi ili awahi kivuli, na Kijivu akamkalia kitako kama punda, anamwambia hata kama imejaa, hata kama inaimba.

"Na kengele yangu nimeikagua kama alivyotaka," Jillo alisema kwa uchungu. "Haina kosa."

Tumme alichuchumaa. Alifungua kihisi cha Kijivu, akafunga geji, akamwomba awake kidogo tu. Mshale haukuinuka. Aliusubiri, akaigonga geji kwa ukucha, na mshale ukabaki umelala pale pale chini. Pampu ilikuwa imekufa. Oili ilikuwa imejaa tele, na hakuna hata tone lililokuwa linapanda.

Alizima haraka. Kisha akakaa juu ya tairi kuukuu, akamtazama Jillo aliyesimama pale mzima, mweupe kwa vumbi, bado ananung'unika. Jillo alimuuliza kwa nini analia. Tumme alimwambia ni vumbi, na amwangalie ngamia wake asile mikanda ya injini.

Redio ikakoroma. Alikuwa Darmi. Alisema dawa ilifika na imeingia mwilini, na kwamba uvimbe umesimama chini ya bega. Vidole viwili labda havitarudi kama zamani. Lakini ameacha kuongea na baba yake, sasa anagombana na mdogo wake, na kwa Wario hiyo ndiyo afya.

Kisha ikasikika mikwaruzo ya mtu anayesogezewa redio karibu na mdomo, mtu anayehema kwa shida. Na kabla ya sauti ya mtu ikaja sauti nyingine, iliyopigwa polepole na mkono wa kushoto usiozoea. *Kodo. Kodo.*

Watoto waliacha kumcheka Kijivu.

"Fundi Tumme," alisema Wario, na sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Huyu mjinga anarudi kesho, na kengele anarudi nayo. Nimempa. Ila mtafutie ngozi nzuri ya kuifungia."

Tumme alifuta macho kwa kile kitambaa kichafu, akamjibu kwamba amesikia, na akaingia ndani kutafuta ngozi.